Maua Matatu ya Usambara



Nimeombwa nizungumzie tiba ya mazungumzo. Nitaanza na ua. Mwaka 1892, afisa wa Kijerumani aliyekaa hapa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliuona katika milima ya Usambara mmea mdogo wenye maua ya zambarau, akapeleka mbegu zake Ujerumani. Mmea ule ukaenea duniani kwa jina la Saintpaulia, kana kwamba Wasambaa hawakuwa wakiupita kila siku.

Miongo kadhaa baadaye, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Milton Erickson, alimtembelea bibi mmoja mjini Milwaukee. Bibi huyo alikuwa na mali na nyumba kubwa, lakini huzuni ilimfungia ndani. Alitoka kwenda kanisani tu, na huko hakusema na mtu. Erickson, ambaye mwenyewe alipoozeshwa na polio akiwa kijana wa miaka 17, aliomba aonyeshwe nyumba. Vyumba vilikuwa na giza. Kisha akaona maua matatu ya Usambara, yamestawi vizuri. Hakumhubiria juu ya huzuni. Alimwagiza aoteshe mengine mengi, na kila alipozaliwa mtoto, ilipofungwa ndoa au ulipotokea msiba kanisani kwake, apeleke chungu kimoja. Kwa masimulizi ya Erickson, bibi yule alipofariki, baada ya miaka mingi, gazeti lilimwita malkia wa maua hayo, na umati wa watu ulimlilia.

Aliyewahi kulea mmea ule anajua kuwa hautaki maji mengi wala jua kali. Anayeufanya uchanue ana subira na jicho la kuangalia. Sifa hizo hazikumtoka bibi alipougua.

Mimi nilichelewa kulielewa jambo hili. Kwa vikao vitatu nilimhoji mama mmoja mjane juu ya usingizi, chakula na machozi, nikajaza daftari. Katika kikao cha nne akanikatiza: “Mwanangu, mbona huniulizi ni nani anayewaamsha wajukuu waende shule?” Ni yeye. Kila alfajiri, pamoja na maumivu yake, aliwapikia uji. Niliona haya. Tangu hapo swali langu la kwanza kwa mgonjwa ni hili: “Umewezaje kufika hapa leo?”

Hata hivyo, kumwambia mtu “wewe ni hodari, utapona” kabla hujamsikiliza ni kumfunga mdomo kwa adabu. Sonona ni ugonjwa. Wapo wanaohitaji dawa, na anayesema hataki tena kuishi apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asiambiwe asali tu. Nguvu tunayomtajia mgonjwa sharti tuwe tumeiona. Pengine imejificha ndani ya hasira yake: aliyedhulumiwa akakasirika bado anaithamini nafsi yake.

Mama yule, ambaye ameniruhusu nimtaje hivi, bado hulia siku za kumbukumbu ya mumewe. Ila mtaani kwake sasa ndiye anayeitwa mtu anapofiwa. Mara mbili ameniletea mgonjwa yeye mwenyewe, akakaa nje kwenye benchi hadi tulipomaliza.