Anayelia Naye Yumo Ibadani

Msikilizaji, karibu kila usharika, kila parokia na kila kigango kina mtu aliyepungua kwenye viti bila mtu kumfukuza. Hakugombana na mchungaji wala hakubadili dini. Alizika mtoto, au alipoteza kazi, au ugonjwa ulimkalia nyumbani mwaka mzima. Jumapili ya kwanza alikosa kwa uchovu, ya pili kwa aibu, na baada ya hapo hakuna aliyehesabu tena. Ukimuuliza, atakujibu kwa upole kwamba moyo ukitulia atarudi. Jibu hilo lina imani ndani yake, imani kwamba ibada ni mahali pa watu waliokwisha kutulia, na kwamba mwenye kilio sharti akakimalize nyumbani kwanza ndipo aje. Imani hiyo nayo hakuizua mwenyewe. Ameifunza kwetu, kwa namna tunavyofungua ibada kwa mapambio ya furaha na kwa namna tunavyomwambia mfiwa ajikaze kwa sababu kazi ya Mungu haina makosa. Mimi nasema kitabu cha Zaburi kinatupinga waziwazi. Kwa mtu aliyeumizwa, njia ya kurudi katika ibada huanzia kwenye malalamiko yenyewe, na asiyeruhusiwa kulalamika amefungiwa mlango.

Tukitazame kitabu chenyewe. Kwa Kiebrania kinaitwa Tehilim, maana yake sifa. Sisi tumelipata jina Zaburi kupitia Kiarabu, na jirani zetu Waislamu nao huitambua Zaburi kuwa kitabu alichopewa Nabii Daudi. Zaburi ziko 150, zimepangwa katika vitabu vitano, na takriban theluthi moja yake ni maombolezo. Fikiri juu ya hilo: kitabu kinachoitwa sifa, na theluthi nzima ni watu wanaomuuliza Mungu yuko wapi. Waliokikusanya hawakuona kasoro katika mchanganyiko huo. Tena zaburi 55 zina maelekezo kwa mwimbishaji, na baadhi yake ni vilio vizito kabisa. Zaburi ya 88 ni mojawapo. Hiyo haina mwanga hata mwishoni. Aliyeitunga anasema anaomba mchana na usiku, anamlaumu Mungu kwa kumtenga na rafiki zake, halafu anaishia gizani bila neno la shukrani. Wana wa Kora, waimbaji wa hekalu, wanatajwa katika kichwa chake. Kwa hiyo kilio hicho hakikuwa siri ya mtu na mto wake wa kulalia. Kilipewa kwaya, kikaimbwa mbele ya watu, kikahesabiwa kuwa sala halali.

Zaburi nyingi za aina hii, tofauti na ya 88, hugeuka katikati. Ya 13 ina aya sita tu. Swali la mpaka lini linarudiwa mara nne, kisha ghafla mwombaji anaahidi kuimba. Wasomaji wamejiuliza kwa muda mrefu kilichotokea katikati ya aya hizo ni nini. Mwaka 1934 mtaalamu wa Kijerumani Joachim Begrich alipendekeza kwamba kuhani alikuwa akisimama na kumpa mlalamikaji neno la kumtuliza kutoka kwa Mungu. Ni dhana, na wengine hawaikubali, lakini mfano wake tunao katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Hana, mke asiye na mtoto, alikwenda Shilo akamwaga uchungu wake mbele za Mungu. Kuhani Eli alimdhania mlevi. Hana alipojieleza, Eli akamwambia aende kwa amani. Hana akala chakula, uso wake ukabadilika, na asubuhi yake akaabudu pamoja na mumewe. Angalia mpangilio huo, msikilizaji. Mimba bado haijaingia, mke mwenzake bado yupo na watoto wake, shida iko palepale. Kilichobadilika ni kwamba kilio kilisikiwa mahali pa ibada. Na kosa la Eli lilitangulia jibu lake. Aliona mtu mwenye uchungu, akamhesabu mtu wa fujo. Kosa hilo tunalirudia kila tunapomkemea mwenye swali gumu kana kwamba amekufuru.

Najua nitaulizwa: kumlalamikia Mungu si ukosefu wa adabu? Waisraeli hawakuadhibiwa jangwani kwa manung'uniko? Swali ni la haki, na jibu lake limo katika kutofautisha mambo mawili. Jangwani watu walinung'unika hemani mwao, wakimsema Mungu wao kwa wao, wakipanga kurudi Misri. Mtunga zaburi anamwambia Mungu mwenyewe, usoni. Mtoto anayemlalamikia baba yake bado ana baba. Aliyeacha kumsemesha ndiye wa kuogopewa. Yesu mwenyewe msalabani alilia kwa maneno yanayofungua Zaburi ya 22, kwa ushahidi wa Mathayo na Marko. Ukisema kilio kile ni kukosa imani, itabidi useme hivyo na pale Golgotha.

Wengine watanitajia Paulo na Sila, waliopigwa viboko Filipi na usiku wa manane wakaimba gerezani. Naukubali ushuhuda huo kwa moyo wote, na wako watu ambao neema huwafikia hivyo. Lakini Paulo huyohuyo aliwaagiza Warumi walie pamoja na wanaolia, na alipotaka kuwaonyesha kwamba hakuna kinachoweza kututenga na upendo wa Mungu, alichukua neno kutoka Zaburi ya 44, ambayo ni lalamiko la taifa lililoshindwa vitani. Wimbo wa Filipi hauwezi kugeuzwa kuwa fimbo ya kumchapia mjane.

Ugumu mkubwa zaidi ni zaburi zinazomwombea adui mabaya. Kanisa Katoliki lilipotoa upya Liturujia ya Vipindi mwaka 1971, liliziacha nje kabisa Zaburi 58, 83 na 109. Sababu yake naielewa: maneno ya chuki yakirudiwa bila mafundisho yanaweza kuzoeleka. Hata hivyo nadhani tumepoteza kitu. Aliyedhulumiwa shamba au kuuliwa ndugu tayari anayo maneno hayo kifuani. Zaburi humpa pa kuyapeleka, na anayemkabidhi Mungu kisasi chake hajakiweka mkononi mwake.

Kuhusu wanaosema maneno hayalipi ada ya shule wala bili ya hospitali, nakubaliana nao bila mjadala. Zaburi ya 82 yenyewe inadai haki ya yatima na maskini, na jumuiya inayosoma zaburi kwa mgonjwa bila kumchangia haijaisoma.

Nimalizie na watu waliojaribiwa kwa hili kuliko wengi. Mwaka 586 KK Wababeli waliiteketeza Yerusalemu na hekalu lake, wakawachukua watu mateka. Zaburi ya 74 inamweleza Mungu, kama vile hakuona, jinsi mashoka yalivyobomoa nakshi na moto ulivyokula patakatifu. Jina lililoandikwa juu yake ni Asafu. Baada ya Koreshi wa Uajemi kuitwaa Babeli mwaka 539 KK, mateka waliruhusiwa kurudi, na kitabu cha Ezra katika orodha yake kinahesabu waimbaji wa ukoo wa Asafu 128. Jina lililobeba kilio ndilo lililorudi na matoazi. Msingi wa hekalu jipya ulipowekwa, wana wa Asafu walisimama wakaimba sifa, wengi wakapiga kelele za furaha, na wazee walioiona nyumba ya kwanza wakalia kwa sauti kuu, wote kwa wakati mmoja. Kitabu cha Ezra kinasema kwamba watu hawakuweza kupambanua sauti ya furaha na sauti ya kilio, na kwamba kelele hizo zilisikika mbali. Hakuna palipoandikwa kwamba mtu aliwanyamazisha wazee.