Meli Zinapotia Nanga Kilindini

Mazungumzo juu ya mahali pa kutia nanga katika bandari, na sheria za usalama

Mtu wa bara anayefika Mombasa kwa mara ya kwanza na kusimama Ras Serani hushangaa kuona meli kubwa kama vilima zimetulia mbali baharini, wala hazigusi gati. Huuliza, "Je, meli hizi zimeharibika?" La, hazikuharibika, zinangoja zamu. Lakini kungoja kwa meli si jambo la kufanywa ovyo. Kuna mahali pake na kuna sheria zake, na sheria hizo zikivunjwa, hatari haiwapati mabaharia peke yao, bali humpata hata mvuvi katika ngalawa yake.

Kisiwa cha Mombasa kina bandari mbili. Upande wa kaskazini-mashariki ni Bandari ya Kale, karibu na Fort Jesus, ambako majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalikuja kwa pepo za kaskazi na kurudi kwa kusi. Upande wa kusini-magharibi ni Kilindini, na jina lenyewe laeleza maana yake: mahali penye kilindi, yaani maji marefu. Gati mbili za kwanza za maji marefu zilikamilika mwaka 1926. Kabla ya hapo meli zilitia nanga katikati ya maji, na matishari yakachukua mizigo mpaka pwani. Mwaka 1942, wakati wa vita, manowari nyingi za Uingereza zilizotoka Ceylon zilipata hifadhi humo humo. Tangu mwaka 1978 bandari imo mikononi mwa Mamlaka ya Bandari ya Kenya.

Mahali pa kutia nanga huchaguliwa kwa mambo manne. Kwanza, kina kiwe cha kutosha hata maji yanapokupwa wakati wa bamvua, kwa maana huko Mombasa tofauti ya maji kujaa na maji kupwa yaweza kufika mita 3 na zaidi. Pili, chini kuwe na tope au mchanga wa kushika nanga, kwa kuwa juu ya mwamba nanga huteleza. Tatu, pawe na kinga ya upepo na mawimbi. Nne, pawe na nafasi ya meli kuzunguka, kwani maji yakigeuka, meli nayo hugeuka kuufuata mkondo.

Watu wengi hufikiri kwamba uzito wa nanga ndio unaoishika meli. Sivyo kabisa. Nahodha huteremsha mnyororo mrefu mara kadha kuliko kina cha maji, ili sehemu yake ilale chini na kuivuta nanga kwa ubavu, ikazame katika tope. Mnyororo ukiwa mfupi, nanga huinuliwa na kukokotwa, na meli huchukuliwa na maji mpaka juu ya mwamba au juu ya meli nyingine. Kwa sababu hiyo, mchana na usiku baharia mmoja hukaa zamu akiangalia kama meli imehama mahali pake.

Meli iliyotia nanga yapasa kujionyesha. Mchana hupandisha mpira mweusi upande wa omo. Usiku huwasha taa nyeupe omoni, na ikiwa ina urefu wa mita 50 au zaidi, huwasha na nyingine tezini, chini kuliko ile ya kwanza. Kukiwa na ukungu hupiga kengele kwa upesi muda wa sekunde 5, isipite dakika moja kabla ya kupiga tena. Meli inayoingia yenye rubani ndani yake hupandisha bendera nusu nyeupe na nusu nyekundu. Bendera nyekundu tupu ni onyo: meli hiyo ina shehena ya hatari.

Bendera hiyo nyekundu haikuwekwa bure. Tarehe 14 Aprili 1944, meli iitwayo Fort Stikine ilikuwa gatini katika bandari ya Bombay, imepakia pamba na baruti pamoja. Moto ulishika pamba, ukaifikia baruti, na meli ikapasuka mara mbili. Watu mamia kwa mamia walikufa, meli nyingine zikazama, na nyumba za mji zikateketea. Ndiyo maana shehena ya namna hiyo huwekwa mbali na meli nyingine na mbali na mji, na ndiyo maana ni marufuku kuvuta sigara au kuwasha moto karibu na meli za mafuta.

Sasa yafuata yanayowahusu wenye vyombo vidogo. Meli kubwa yenye shehena haiwezi kusimama ghafla kama motokaa. Yaweza kwenda zaidi ya kilometa 2 kabla ya kutulia. Tena nahodha aliye juu hayaoni maji yaliyo karibu na omo. Chombo kidogo kikikatiza hapo, hakionekani kabisa. Kwa hiyo mvuvi asitege nyavu katika njia ya meli, asifunge mtumbwi wake kwenye boya wala kwenye mnyororo wa nanga, na usiku asiende bila taa. Akisikia honi fupi moja, ajue meli yageuka kulia. Mbili, yageuka kushoto. Tatu, mashine zarudisha nyuma. Akisikia tano au zaidi mfululizo, meli yasema, "Sielewi unalolifanya," basi aondoke njiani mara moja.

Na abiria naye ana wajibu wake. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilipinduka karibu na ufuko, kikiwa na watu wengi kuliko kadiri yake. Watu 272 walikufa, wengi wao wakienda kazini asubuhi kama siku zote. Hapakuwa na dhoruba siku ile. Chombo kilichojaa kisipandwe, hata kama mtu amechelewa. Kuchelewa nusu saa kwaweza kusamehewa na tajiri, lakini maji hayasamehi.

Mbolea ya shamba la Kitale na dawa ya hospitali ya Kampala hupita katika mlango huo mmoja wa Kilindini. Chombo kimoja kikizama katika njia, nchi nyingi huona dhiki. Wazee walisema, tahadhari kabla ya hatari; na katika bandari, tahadhari hiyo ni kazi ya kila mtu, tangu nahodha wa meli kubwa hata mwenye ngalawa.