Mtoto Akichaguliwa Kwenda Shule ya Mbali

Mazungumzo na wazazi wa Ngulyati, Wilaya ya Bariadi



Leo hatukuja na habari za vyoo wala za palizi ya pamba. Tumekuja na jambo moja tu, nalo ni la watoto.

Kila mwaka, mwezi wa Septemba, watoto wetu hufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Wengi wa wanaofaulu hupangiwa shule za kata, wanakwenda asubuhi na kurudi jioni. Lakini wapo wachache, wale waliopata alama za juu kabisa, ambao hupangiwa shule za bweni ambazo watu wamezoea kuziita shule za vipaji maalum. Serikali inazo shule saba za namna hiyo katika nchi nzima. Za wavulana wanaoanza kidato cha kwanza ni Ilboru huko Arusha, Mzumbe huko Morogoro, Kibaha katika Mkoa wa Pwani, na Tabora Wavulana. Za wasichana ni Kilakala huko Morogoro, Msalato huko Dodoma, na Tabora Wasichana. Basi, ndizo hizo. Katika Simiyu yetu hakuna hata moja. Kwa hiyo mtoto wa Ngulyati akichaguliwa, hana budi kusafiri.

Na hapo ndipo maneno yanapoanza. Tunayasikia kisimani, tunayasikia mnadani. Eti atakula nini huko? Ng'ombe watachungwa na nani? Akirudi si atatudharau, na jembe hatalishika tena? Na kama ni binti, maneno huwa mengi zaidi: ataharibika, na ng'ombe wa mahari tutawakosa.

Halafu kuna neno moja ambalo halisemwi mnadani. Husemwa usiku, nyumbani, kwa sauti ya chini. Mzazi anamwambia mtoto: "Ukiingia katika chumba cha mtihani, andika ovyo ovyo. Usifaulu." Habari hii imesikika katika mikoa mingi ya nchi yetu, na wanaoambiwa hivyo zaidi ni wasichana. Hatukuja hapa kumtafuta aliyesema. Tumekuja kuwaeleza maisha ya shule zile yalivyo, ili mtu asimfungie mtoto wake njia kwa kuogopa kitu asichokijua.

Tuanze na tumbo, maana ndilo swali la kwanza la kila mama. Mtoto wa bweni anakula. Chakula chake ni ugali na maharage, uji asubuhi, wali siku fulani fulani. Hanenepi kama ndama wa masika, lakini halali njaa. Analala bwenini pamoja na wenzake, kila mtu na kitanda chake. Bweni lina mwalimu anayelisimamia. Kwa wasichana ni mwalimu mwanamke, naye huitwa matroni. Wapo pia viranja, yaani wanafunzi waliopewa kazi ya kuwaongoza wenzao.

Kengele hulia mapema, kabla jua halijatoka. Wanafagia, wanapiga deki, wanaoga, wanapanga mstari, wanaingia darasani. Jioni wanacheza mpira, wanafua, wanamwagilia bustani. Usiku wanarudi darasani kujisomea, mpaka kengele ya kulala. Tazameni vizuri orodha ya vitu ambavyo mwanafunzi huambiwa aje navyo. Mara nyingi utakuta ndani yake fagio, ndoo, na jembe au fyekeo. Mtoto anayetakiwa kwenda shule na jembe atasahauje jembe? Tangu siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 shule zetu zimetakiwa ziwe pia mahali pa kazi. Kibaha kwa mfano ilijengwa kwa msaada wa nchi za Nordic, yaani zile za kaskazini ya Ulaya kama Sweden na Norway, nasi tukakabidhiwa mwaka 1970. Haikujengwa shule peke yake. Palijengwa pia kituo cha kuwafundisha wakulima na kituo cha afya. Walioipanga waliona kwamba mtoto mwenye akili asikae mbali na mkulima.

Sasa tuseme lililo gumu, maana hatukuja kupaka asali.

Gumu la kwanza ni lugha. Shule ya msingi mtoto wetu amefundishwa kwa Kiswahili, na nyumbani anasema Kisukuma. Sekondari anafundishwa kwa Kiingereza. Miezi ya mwanzo anaweza kukaa darasani kama mgeni katika ngoma asiyoijua. Hii haina maana kwamba akili imemtoka. Wenzake wengi waliotoka vijijini wako hivyo hivyo.

Gumu la pili wazazi wengi hawalitegemei, na hapa tunaomba mtusikilize sana. Mtoto wako hapa alikuwa wa kwanza. Darasa la kwanza, wa kwanza. La tano, wa kwanza. Umezoea kumsifu mbele za watu. Anakwenda Mzumbe au Kilakala, na mwisho wa muhula inakuja ripoti: amekuwa wa hamsini. Baba anashika kichwa. "Nimeuza ng'ombe wangu ili mtu awe wa hamsini?"

Ndugu yangu, ngoja kwanza. Fikiri ni nani aliokaa nao. Darasa lile lote ni la watoto waliokuwa wa kwanza huko kwao. Yupo aliyekuwa wa kwanza Bukoba, wa kwanza Newala, wa kwanza Mbulu, wa kwanza Kyela. Ukiwaweka madume wa mazizi yote katika zizi moja, lazima mmoja awe wa hamsini, naye bado ni dume. Kwa hiyo usisome nafasi peke yake. Soma alama za kila somo. Tazama kama hesabu imepanda kuliko muhula uliopita. Soma na yale maneno machache ya mwalimu yaliyoandikwa chini. Mtoto mwenyewe amekwisha kuumia moyoni kwa kushuka. Akija likizo akakuta fimbo au masimango, ndipo atakapochukia shule kweli.

Na mle ndani hawasomi vitabu tu. Wana midahalo, ambapo mtoto anasimama mbele ya wenzake kutetea jambo kwa hoja. Wana kwaya, wana vyama vya masomo, wana timu za kushindana katika michezo ya UMISSETA. Kijana wa Kisukuma anapangiwa kitanda kimoja cha ghorofa na Mmakonde, yeye chini, mwenzake juu. Wakigombana, wanagombana kwa Kiswahili, na wanapatana kwa Kiswahili. Hilo nalo ni somo, ingawa haliko katika mtihani.

Msidhani kwamba wanaokwenda huko tangu zamani ni watoto wa mjini. Mwalimu Nyerere alichunga mbuzi Butiama. Alianza shule mwaka 1934 akiwa na miaka kumi na miwili hivi, katika shule ya Mwisenge, Musoma, akalala huko huko bwenini kwa kuwa nyumbani ni mbali. Alifaulu vizuri, na mwaka 1937 akapelekwa Tabora, ile ile ambayo leo ni Tabora Wavulana. Akasoma hapo mpaka mwaka 1942. Wakati ule shule ile ilikuwa na watoto wengi wa machifu. Leo mtoto wa mkulima yeyote anaingia, akiwa na alama.

Na kwa ajili ya wale wanaosema binti hawezi, tutazame jirani zetu wa Ukerewe. Mama Gertrude Mongella alizaliwa huko kisiwani mwaka 1945. Akiwa bado binti mdogo alivuka ziwa, akaenda mpaka Morogoro kusoma katika shule ya masista iliyoitwa Marian College. Shule hiyo ndiyo leo inaitwa Kilakala. Alikuja kuwa mwalimu, kisha waziri. Mwaka 1995 alikuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Wanawake wa Dunia uliofanyika Beijing, China. Mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Jiulizeni, kama mzazi wake angemwambia aandike ovyo?

Hatusemi kwamba kila atakayekwenda Kilakala atakuwa Mama Mongella. Wengi watakuwa wauguzi, mabwana shamba, mainjinia, walimu. Wala hatusemi kwamba aliyebaki shule ya kata hana akili. Wapo waliotoka shule za kata wakafika chuo kikuu. Katika nyumba moja mmoja anaweza kuchaguliwa na mwingine asichaguliwe, na wote ni watoto wako. Usimgeuze huyu kuwa mfalme na yule kuwa mchungaji wake.

Haya, fedha. Ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne ilifutwa kuanzia Januari 2016, na ya kidato cha tano na cha sita ilifutwa katika mwaka wa fedha wa 2022/23. Hilo linajulikana. Lakini ada kufutwa si sawa na kwenda mikono mitupu. Kuna nauli. Kuna godoro, shuka, blanketi, chandarua, sare, viatu, madaftari, sanduku la bati na kufuli lake. Vyote vimeandikwa katika fomu ya kujiunga.

Na tatizo letu hapa Bariadi ni majira. Pamba tunauza kuanzia miezi ya Mei na Juni, na Agosti mambo yamekwisha. Fedha inaingia, tunafurahi, tunaoa, tunanunua pikipiki. Shule inafunguliwa Januari. Januari mfukoni hamna kitu, chakula ghalani kinapungua, na shamba linadai palizi. Ndipo mzazi anaposema, "Mwaka huu haiwezekani." Anauza ng'ombe kwa bei ya haraka, au mtoto anachelewa, na nafasi iliyopatikana kwa jasho inapotea.

Kwa hiyo mwenye mtoto wa darasa la mtihani asingoje majina. Wakati wa pamba, siku unayopokea malipo yako, tenga fungu lake hapo hapo kabla hujafika dukani. Weka benki, au katika chama chenu cha kuweka na kukopa. Nunua sanduku mwezi wa Julai, shuka mwezi wa Agosti. Kama hakuchaguliwa kwenda mbali, shule ya kata nayo inataka sare na madaftari. Hakuna kitakachoharibika. Akina mama wenye vikundi wanaweza kuliweka jambo hili katika kikundi, mmoja akasaidiwa mwaka huu, mwingine mwaka ujao. Sisi tunaona njia hii ni bora kuliko kungoja michango ya Januari, wakati kila mtu analia.

Kuhusu mahari tutasema kwa ufupi, maana sheria yenyewe haina maneno mengi. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016. Anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari, au kumpa mimba, kifungo chake ni miaka 30. Na anayesaidia ndoa hiyo naye ana adhabu yake, hata kama ni mjomba aliyekuja kuhesabu ng'ombe tu.

La mwisho linawahusu ninyi mliomaliza kisomo. Wanafunzi wa bweni hawaruhusiwi kukaa na simu shuleni. Unaweza kumpigia mwalimu kuuliza hali, ndiyo, lakini mwalimu mmoja ana watoto wengi, na maneno ya nyumbani hayapitishwi yote kwa mwalimu. Basi mwandikie mtoto barua. Iandike kwa mkono wako mwenyewe. Mwambie mvua imenyesha au haijanyesha, ng'ombe gani amezaa, bibi anaendeleaje. Usiogope herufi kupinda. Mtoto wa miaka kumi na minne aliye Morogoro, usiku mvua inanyesha juu ya bati la bweni, akipata karatasi yenye mwandiko wa mama yake ambaye miaka miwili iliyopita alikuwa anatia dole gumba, ataisoma mara nyingi.

Na fomu ya kujiunga isome mwenyewe, mstari kwa mstari. Usimpe mtu wa dukani akusomee, asije akaongeza vitu vyake katika orodha. Tarehe ya kuripoti izungushie duara. Namba ya simu ya shule inakiliwe mahali pengine. Neno lisilojulikana lipigiwe mstari, liletwe darasani Jumatano, tulisome pamoja. Fomu inapatikana kwa mwalimu mkuu au kwa Afisa Elimu wa Kata baada ya majina kutangazwa.

Haya, sasa maswali. Tuanze na akina mama kule nyuma, wamenyoosha mikono muda mrefu. Na wewe mzee uliyeuliza pale mwanzo habari ya kuchunga, hatukukusahau, utafuata.