Maneno ya Wazee juu ya Mtu Huru



Kazi yangu ni kufasiri, na mfasiri hushindwa zaidi na maneno madogo kuliko makubwa. Moja katika hayo ni neno mwungwana. Zamani katika pwani yetu, tangu Lamu hata Mombasa, mwungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, asiyemilikiwa na mtu. Halikuwa neno la tabia, bali la nasaba. Mtu aliweza kuwa mchoyo na mwongo, naye akaitwa mwungwana kwa kuwa baba yake hakununuliwa. Leo ukimwita mtu mwungwana wasifu adabu zake, wala hapana aulizaye babu yake alikuwa nani.

Neno hili lilihamaje? Sidhani kwamba lilihamishwa na vitabu. Wako waliosema, "Mwungwana ni kitendo," na maneno hayo yafaa kusikilizwa kwa masikio ya watu wa siku zile. Mkataba wa mwaka 1873 ulifunga biashara ya watumwa baharini. Mwaka 1875 kikaanzishwa kijiji cha Freretown, karibu na Mombasa, kiwe makao ya waliookolewa. Lakini katika pwani ya Kenya sheria iliendelea kuutambua utumwa hata mwaka 1907. Basi mtu aliyehesabiwa mtumwa, akitamka miaka hiyo ya kuwa mwungwana ni kitendo, hakuwa akifundisha watoto adabu. Alikuwa akidai haki yake.

Iko na ya pili: "Mwungwana akivuliwa nguo huchutama." Maana yake, mwenye heshima akifikwa na aibu hujisitiri, hasimami njiani kupiga kelele. Wengine huifasiri kuwa ni amri ya kuudhulumiwa na kunyamaza. Mimi sikubali. Aliyechutama hakusema nguo zake zisirudishwe.

Juu ya ushujaa wazee walisema, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda maombolezo." Mwoga amekimbia, amerudi mzima, watoto wake wanacheka, nyumba ya pili matanga yamewekwa. Ukiisikia mara ya kwanza utadhani inamsifu mwoga. La, inataja bei tu, na wengi watoao hotuba za ushujaa huificha bei hiyo. Kisha wazee hao hao wakasema, "Heri kufa macho kuliko kufa moyo." Wakayaacha yote mawili yasimame pamoja, mtu achague mwenyewe.

Ya mali ni mengi, nami nitataja moja: "Mali bila daftari hupotea bila habari." Mwenye duka ye yote aijua bila mfasiri.

Ama tabia ya mwanadamu, sijaona iliyo kali kama hii: "Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu." Ingefaa kutamkwa kila mahali mtu alipopigiwa bei sokoni, na aliyeipiga ni mwungwana wa nasaba.

Padre William Taylor, wa misheni ya C.M.S. hapo Mombasa, alikusanya methali nyingi za Kiswahili, na kitabu chake kikapigwa chapa London mwaka 1891. Tumshukuru. Lakini kitabu hakiwezi kushika kila kisa. Mwenye babu au bibi akumbukaye na amwulize: methali hii ulimsikia nani akimwambia nani, na katika ugomvi gani? Kisha ayaandike hayo kando ya methali yenyewe, pamoja na jina la mji na mwaka.