Zebaki Isiingie Nyumbani

Leo tunazungumza na wazazi wa Masumbwe na Mbogwe nzima ambao ugali wao unatokana na dhahabu.

Kwa afya ya watoto wenu, chanjo wengi mnazijua: mtoto huanza mara anapozaliwa, na ile ya surua hupewa akiwa na miezi 9, kisha 18. Endeleeni hivyo hivyo. Kinachotutia hofu zaidi ni zebaki. Ukichomea dhahabu iliyonaswa kwa zebaki kwenye jiko la nyumbani, zebaki hiyo hugeuka mvuke usio na harufu. Mvuke huo huingia mapafuni, ukafika kwenye ubongo na figo. Mtoto mchanga, ambaye ubongo wake bado unajengeka, huumia kuliko wewe. Hata aliye tumboni hufikiwa kupitia damu ya mama yake. Mama mjamzito au anayenyonyesha asishike zebaki kabisa. Nawe baba, ukitoka kuchoma, oga na ubadili nguo kabla ya kumpakata mwanao. Uchomaji ufanyike mbali na makazi, kwa chombo kilichofunikwa kinachonasa mvuke.

Na vijana wetu je? Mvulana wa miaka 14 anayeshuka duarani, yaani shimoni, au kushinda kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, hata kama anatafuta hela ya madaftari, anavuta vumbi la mawe linaloharibu mapafu yasipone tena. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari kwa walio chini ya miaka 18, na machimbo yametajwa humo.

Ukimwona mtoto akifanya kazi machimboni, mweleze mtendaji wa kijiji, au piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Kupiga ni bure.