Kupaka Rangi na Kupamba Nyumba Zetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Tabora)



Bwana Katibu alipotutaka tuseme machache katika mkutano huu, nia yetu ya kwanza ilikuwa kukataa. Habari tuliyopewa ilionekana ndogo mno kwa watu waliozoea kuzungumza mambo ya mishahara, likizo na kupandishwa vyeo. Habari yenyewe ni jinsi ya kuchagua rangi na vyombo vya kuifanya nyumba ipendeze. Walakini tulipofika nyumbani jioni ile na kuutazama ukuta wa ukumbi wetu, tukayakumbuka yaliyotupata, tukaona kwamba tunayo ya kusema, ingawa mengine yatatutia haya.

Kwanza tupatazame hapa petu. Wengi wetu hupita njia ya Kwihara bila kuingia katika tembe lile ambalo Stanley alikaa mwaka 1871, na ambalo Dkt. Livingstone alikaa mwaka 1872 tangu Februari hata Agosti, akingoja wapagazi. Nyumba ile sasa ni makumbusho. Ingieni siku moja, si kwa ajili ya Wazungu wale tu, bali kwa ajili ya nyumba yenyewe. Kuta zake ni nene, paa lake ni bapa, rangi yake ni nyekundu iliyoiva kama udongo ulionyeshewa mvua, na mlango wake una nakshi za mtindo wa pwani. Hakuna rangi nyingi pale. Iko rangi ya udongo na iko rangi ya mti, basi. Tena mtu akitoka juani akaingia ndani, husikia ubaridi kabla hajaona kitu.

Stanley aliandika kwamba Waarabu wakubwa wa Tabora walikuwa na mazulia ya Kiajemi, malazi ya anasa, vyombo vya fedha vya chai na kahawa, na sinia za shaba. Vitu hivyo vilikujaje? Reli ilikuwa bado. Haikufika hapa mpaka mwaka 1912. Stanley mwenyewe alitembea kama miezi mitatu kutoka Bagamoyo hata Unyanyembe, na Burton na Speke mwaka 1857 walitumia zaidi ya miezi minne. Kila zulia na kila birika vilipanda kwa bega la mpagazi, na wengi wa wapagazi hao ni babu zetu Wanyamwezi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Nasi hatusahau kwamba utajiri ulionunua mazulia hayo ulitoka katika pembe za ndovu na katika watumwa. Lakini liko jambo moja la kufikiri: aliyeagiza zulia siku zile alijua kwamba yuko mtu atakayelibeba. Sisi tunaoagiza viti kwa mkopo, je, twamfikiri atakayebeba?

Sasa tuje kwenye habari yetu wenyewe.

Marehemu baba alituachia nyumba ya matofali mabichi yenye bati juu, kando ya njia ya zamani ya Ujiji, mahali penye miembe. Mama yetu anakaa humo. Dada yetu alipoposwa na watu wa Kigoma, tukaambiwa kwamba wakwe watakuja kwa gari moshi, na miongoni mwao wamo walimu na mganga wa hospitali. Tukaona haya. Ukuta wa udongo! Watatuonaje? Tukakopa. Tukanunua saruji ya kupiga lipu ndani na nje, tukanunua rangi ya mafuta ya buluu kama mbingu kwa ukumbi na chumba cha Mama, tukachukua dukani viti vya mahameli nyekundu na kabati la vioo, kulipwa kwa miezi kumi na minane.

Fundi mzee wa mtaa ule, aliyejenga nyumba pamoja na baba, alikuja kutazama. Alitia kidole ukutani, akasema, “Bwana Karani, ukuta wa udongo hupumua. Mkiuziba pua na mdomo, utatoka jasho ndani.” Tulimshukuru kwa adabu, kisha tukamwita fundi mwingine.

Arusi ilikwenda vizuri. Wakwe walisifu ukumbi, na mmoja aliuliza jina la rangi. Kwa siku tatu tulitembea vifua mbele.

Mvua zikaanza mwezi wa Novemba kama desturi ya nchi hii. Kufika Januari, ukuta wa chumba cha Mama ulikuwa umefanya malengelenge, mengine makubwa kama sahani. Tukayatoboa kwa kisu na kupaka rangi juu yake, maana kopo lilikuwa halijaisha. Usiku mmoja wa Februari kipande cha ukuta, kutoka kimo cha dirisha hata karibu na sakafu, kilianguka pamoja na lipu yake juu ya kitanda. Mama hakuwamo. Alikuwa amelala msibani kwa jirani.

Tuliitwa alfajiri. Alisimama mlangoni na kanga ya msiba begani, akautazama ule udongo juu ya mto wake, kisha akatuuliza polepole, “Baba, ukuta huu mliupaka ili nani auone?” Hatukuwa na jibu, na mpaka leo tukilitafuta hatulipati.

Sababu yake ni rahisi kueleza, na mwenye nyumba ya udongo aishike. Maji hupanda kutoka ardhini na huingia penye nyufa. Udongo huyanywa, kisha jua likiwaka huyatoa nje kama mvuke. Saruji ni ngumu na nzito, na rangi ya mafuta ni kama ngozi isiyo na vinyweleo. Maji yakiisha kuingia nyuma yake hayana pa kutokea. Udongo hulowa, hulegea, na ile lipu ngumu huachana nao. Kwa nje mwaona buluu safi, na nyuma yake ni tope.

Tulirudi kwa fundi mzee. Hakutukemea, jambo ambalo lilitutesa zaidi. Kabla ya kusema habari ya rangi alichimba mfereji kuizunguka nyumba ili maji ya mvua yaende zake, akaongeza upana wa upenu kwa bati mbili zilizobaki, kisha akaibandua saruji yote. Kuta zikaachwa wazi zikauke mpaka mwezi wa Julai. Mama alilala jikoni muda wote huo, asituruhusu kumpangia chumba mahali pengine. Ndipo mzee akapiga lipu ya udongo wa kichuguu uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa, na juu yake chokaa.

Twajua kwamba vijana wengi hawaipendi chokaa. Wasema huchafua nguo, na kwamba ni rangi ya nyumba za zamani. Ni kweli huchafua nguo, ikipakwa vibaya. Mzee alituonyesha hivi. Chokaa huloweshwa pipani siku nyingi, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kuwa laini. Huchujwa kwa kitambaa, hutiwa chumvi kidogo ili ishike, na huongezwa maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Ukuta hunyunyiziwa maji kwanza. Hapa ndipo wengi wanapokosea, maana ukuta mkavu hunyonya maji ya chokaa upesi, na kinachobaki ni unga. Hupakwa mara tatu au nne, kila mara nyembamba. Tena msidanganyike: ikiwa mbichi haionekani, mtu hudhani hajapaka kitu, huongeza, na ikikauka hupasuka. Ngojeni. Inapokauka hupata weupe wenyewe, na hewa huigeuza kuwa kama jiwe jembamba. Jihadharini na macho, kwa maana chokaa huunguza. Na baada ya mwaka mmoja au miwili hapana budi kupaka tena. Hiyo ndiyo gharama yake, nasi hatuifichi.

Ndugu wenye nyumba za matofali ya kuchoma au saruji hawana taabu hii. Rangi ya maji ya dukani yawafaa. Waulize tu, kabla ya kununua, kama rangi ina risasi, kwa sababu risasi ni sumu kwa watoto, nao watoto hubandua ukuta na kuutia mdomoni. Na wakaao katika nyumba za Serikali waombe ruhusa kwanza. Tumemwona mwenzetu mmoja akiamriwa kurudisha rangi ya zamani kwa fedha yake mwenyewe.

Sasa, rangi gani? Tuliichagua ile buluu katika kipande cha karatasi chenye ukubwa wa stempu, tukiwa tumesimama mlangoni mwa duka saa sita mchana. Chumbani mwenye dirisha dogo, kwa taa ya usiku, buluu ile ilikuwa kama wino. Mama alisema baadaye kwamba ilimfanya aone baridi, lakini hakutaka kutuvunja moyo. Safari ya pili tulipaka ukutani kipande cha ukubwa wa mkeka wa kusalia, tukakitazama asubuhi, adhuhuri na usiku, siku tatu. Twawashauri mfanye hivyo hivyo hata kama fundi ana haraka. Nyumba zetu nyingi zina madirisha madogo, basi rangi nyeupe au inayokaribia nyeupe hurudisha mwanga mchache uliopo. Chumba kinachopigwa na jua la magharibi kisipakwe nyekundu wala manjano kali, mtaona joto hata kabla hamjalisikia.

Chini ya ukuta ni habari nyingine. Vumbi la Tabora wakati wa kiangazi mwalijua. Ukuta mweupe mpaka sakafuni hudumu mweupe wiki moja tu, kisha ni mikono ya watoto, migongo ya viti na matone ya mvua yarukayo kutoka ardhini. Tulitaka kupaka mkanda mweusi wa lami kama tulivyouona katika majengo fulani. Mama alikataa. Alikwenda mwenyewe na wajukuu kuchimba udongo mwekundu, akauchekecha kwa chekeche la unga, akautia katika chokaa kidogo kidogo mpaka akapata rangi aliyoitaka, na mkanda huo ukapita nyumba nzima kwa kimo cha kiuno. Tulipokwenda Kwihara mwezi uliofuata tukatambua ni jamaa ya rangi ile ile ya tembe. Hatukumwambia. Angesema bila shaka kwamba Waarabu waliiona kwa Wanyamwezi.

Kuhusu vyombo tutasema kwa kifupi, kwa kuwa mioyo yetu bado inauma. Mahameli ile nyekundu ilipauka upande wa dirisha katika mwaka mmoja, na ndani ya mito yake wakaingia kunguni ambao hatukuweza kuwatoa. Kabati la vioo tuliliuza kwa nusu ya bei. Viti tulivilipia mpaka mwezi wa mwisho, na viwili kati yake vilikuwa vimekwisha kuvunjika. Katika miezi hiyo yako mambo ambayo mke wetu aliyakosa nyumbani, naye hakutusemesha mbele ya watu. Mzigo alioubeba ni huo.

Ajabu ni kwamba twakaa katikati ya misitu ya mninga! Watu wa mbali huutamani mti huu, nasi twanunua mbao laini zilizofunikwa kitambaa. Mninga haupindiki ovyo, mchwa hawaupendi, na rangi yake nzuri imo ndani yake, haihitaji kupakwa. Seremala wa kwetu alitutengenezea viti vinne vya mninga, kimoja kwa mwezi, kila kimoja kwa fedha taslimu. Makalio yake ni ukindu uliosukwa. Kwa kung'arisha hatukununua kitu cha kopo. Nchi hii ni ya nyuki. Chukueni sehemu moja ya nta safi, iyeyusheni katika chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, kisha iondoeni mbali kabisa na moto ndipo mtie sehemu tatu au nne za tapentaini, kwa maana tapentaini hushika moto upesi. Ikipoa huwa kama siagi. Pakeni kidogo, acheni, sugueni kwa kitambaa kikavu. Chumba hunukia asali siku mbili.

Vitambaa vya kufuma tumeviacha juu ya meza moja. Zamani nyumbani kwetu hata redio ilivaa.

Bwana Mwenyekiti, muda wetu umekwisha, na maswali tutayajibu kadiri tunavyojua. Ukumbi wa Mama hupakwa upya kila Agosti, baada ya mavuno na kabla ya mvua, naye amekubali mwanachama ye yote aje autazame, ila asije saa ya kulala mchana. Pipa moja la chokaa iliyolowekwa tangu mwaka jana limebaki pale uani. Mwenye kuhitaji na aje na ndoo yake.