Olimpiki 8, Medali 0

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanamemba na wafadhili)



Tangu asubuhi ulizo ni moja: sanduku letu la musaada liko na miaka miwili, matunda iko wapi? Mbele ya kupiga kura, niwaambie juu ya mtu wa mbali, Ian Millar wa Kanada. Kazi yake ilikuwa kurukisha farasi juu ya vizuizi. Mti mmoja ukianguka, ni makosa 4; mwenye makosa kidogo ndiye anashinda.

Alianza Olimpiki mwaka 1972, Munich. Mwaka 1980 Kanada ilikataa kwenda Moscow juu ya vita ya Afghanistan, akakosa. Ninyi munajua namna gani vita ya wakubwa inakatia mtu safari. Akarudi 1984, na kila miaka minne tena. Medali ya Olimpiki, hakuna. Na hakuwa mdhaifu, hapana! Na farasi wake Big Ben alishinda Kombe la Dunia 1988 na 1989. Yule farasi alipasuliwa tumbo mara mbili, bado akarudi kuruka.

Sasa 2008. Mwezi wa tatu mke wake alikufa kwa kansa. Mwezi wa nane alikuwa juu ya farasi Hong Kong, na miaka 61. Ba mama wa likelemba, hapa musikilize vizuri. Wakati ule ekipe ilikuwa watu 4; walikuwa wanahesabu 3 walio bora, wa mwisho alikuwa anafutwa. Farasi wa mwenzao mmoja akaumia. Wakabaki 3, kumbe hakuna tena wa kufuta: kosa la mmoja ni la wote. Wakamaliza sawasawa na Amerika, makosa 20 kwa 20. Wakarudia, Amerika ikashinda, Kanada ikapata medali ya feza. Kwa Millar ilikuwa ya kwanza, kisha miaka 36. Akaendelea mpaka London 2012, Olimpiki yake ya 10. Mbele yake hakuna mtu aliyefikisha hesabu hiyo.

Wafadhili, munaomba ripoti kila miezi 12, ni haki yenu. Lakini ripoti ya Millar mwaka 2004 ingesema: Olimpiki 8, medali 0. Mimi sitaki sanduku lifungwe. Karatasi za kura ziko kwa mama mtunza feza, pale karibu na mlango.